Jinsi kirusi cha madoa meupe kinavyojengwa ndani ya kambamiti

Ukitaka kuchunguza kama kambamiti amekufa kwa ugonjwa wa madoa meupe, mbandue gamba la kichwani, likwangue kwa ukucha wa kidole gumba mpaka nyama yote iliyoshikamana nalo itoke, kisha linyanyue juani. Madoa utayaona ndani ya gamba lenyewe: ya mviringo, mengi yana upana wa kati ya nusu milimita na milimita mbili, na hata ukiyasugua hayafutiki. Ni chumvi za kalsiamu zilizojikusanya mahali pasipo pake baada ya ngozi inayotengeneza gamba kuharibiwa. Hata hivyo dalili hiyo peke yake haitoshi. Kuna kambamiti wanaokufa bwawa zima kabla ya doa hata moja kujitokeza, na kuna madoa yanayoletwa na bakteria au na maji yenye alkali nyingi. Macho hayawezi kumaliza swali hili. Inabidi tushuke mpaka kwenye kirusi chenyewe.

Mimi kazi yangu ni ya maabara ndogo ya magonjwa ya viumbe wa majini, na wafugaji wa pwani wanaonipigia simu karibu wote huanza na swali moja: dawa yake ni ipi? Dawa haipo. Nimechoka kujibu hivyo na kuishia hapo, kwa sababu jibu la namna hiyo humwachia mtu orodha ya masharti tu: weka klorini, kausha bwawa, pima vifaranga, zuia kaa. Kila sharti kati ya hayo lina sababu yake katika namna kirusi hiki kilivyoundwa, na mtu asiyeijua sababu ndiye huliruka sharti siku fedha inapobana. Kwa hiyo leo naandika kuhusu muundo wake, kuanzia nje kwenda ndani, halafu kuhusu jinsi kinavyoundwa, jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote.

Historia yake nitaipitia kwa haraka. Ugonjwa ulijitokeza Taiwan na Uchina mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1993 ukaingia Japani pamoja na vifaranga vilivyoagizwa kutoka Uchina. Ukaenea Thailand na India, ukavuka bahari hadi Ekwado mwaka 1999 na kuuangusha uzalishaji wa nchi ile kwa zaidi ya nusu. Brazili ulifika 2005. Bwawa likishaonyesha dalili, vifo vinaweza kufikia asilimia 100 ndani ya siku 3 hadi 10. Wanasayansi walikiona kirusi hiki hakifanani na jamii yoyote waliyoijua, wakakifungulia ukoo wake peke yake, Nimaviridae.

Tuanze na umbo. Kirusi kimoja kina urefu wa nanomita 250 hadi 380 na unene wa nanomita 80 hadi 120. Ukivipanga kichwa kwa mkia, kama 3,000 hivi ndiyo vitatimiza milimita moja. Kwa kiwango cha virusi, hilo ni jitu. Chini ya hadubini ya elektroni kinaonekana kama yai lililorefushwa, na upande mmoja kimechomoza kijimkia chembamba ambacho ni mwendelezo wa utando wake wa nje.

Utando huo umetengenezwa kwa mafuta na protini. Protini zake kuu hutajwa kwa herufi VP na namba inayoonyesha uzito: VP28, VP26, VP24, VP19. Tatu za kwanza zinafanana kiasi cha kuaminika kwamba zilitokana na jeni moja la kale lililojirudufu. Mwaka 2007 watafiti wa Singapore walifanikiwa kuzigandisha VP28 na VP26 kuwa fuwele na kuzipiga mionzi ya eksirei, wakaona umbo lake hadi kwenye atomu. Kila moja ina sehemu ya pipa dogo inayotazama nje, na mzizi unaopenda mafuta ambao huzama kwenye utando. Molekuli tatu za VP28 hushikana pamoja zikawa kundi moja. Hilo ndilo la kwanza kugusana na seli ya kambamiti. Mwaka 2006 watafiti wa Thailand walikuwa wameshaonyesha kwamba VP28 hushikana na protini ya kambamiti iitwayo Rab7, ambayo katika hali ya kawaida husimamia usafirishaji wa mizigo ndani ya seli. VP24 nayo hushika kitini, kitu kile kile kinachojenga gamba la kambamiti na kinachofunika ndani ya sehemu ya mbele ya utumbo wake. Kumbuka kwamba kambamiti hula wenzao waliokufa. Kirusi kinachoingia kwa njia ya mdomo kinakutana kwanza na kitini, na kina protini ya kukishika.

Chini ya utando kuna tabaka la kati, na namna lilivyogunduliwa inanifurahisha kwa urahisi wake. Watafiti wa Taiwan mwaka 2006 walichukua virusi vilivyosafishwa wakavitia sabuni ya maabara iitwayo Triton pamoja na chumvi ya kawaida, wakibadilisha kiasi cha chumvi. Sabuni huyeyusha mafuta, kwa hiyo protini za utando zilitoka mara moja. Za ndani kabisa zilibaki hata chumvi ilipozidi. Katikati kukawa na kundi la tatu, VP26 ikiwamo, ambalo chumvi ikiwa kidogo hubaki limeng'ang'ania ganda la ndani, na chumvi ikiongezwa huachia. Hizo ndizo kiungo kati ya utando na ganda. VP26 basi ina mguu mmoja kwenye mafuta na mwingine kwenye ganda.

Ganda la ndani, kapsidi, ndilo linalonifanya nirudie picha zile kila mara. Limepangwa kwa pete zipatazo 14 au 15, moja juu ya nyingine, mfano wa pete za zege tunazoshushia kisimani. Kila pete ina safu mbili za vipande vidogo, na mpaka kati ya pete na pete unaonekana wazi kama mstari. Kinachojenga pete hizo kwa sehemu kubwa ni protini moja kubwa kupita kiasi, VP664, yenye asidi amino (vijenzi vya protini) 6,077. Ilielezwa na maabara ya Taiwan mwaka 2005, na jeni lake ni miongoni mwa majeni marefu zaidi yaliyowahi kuonekana katika virusi. Ukizingatia kwamba VP28 nzima ina asidi amino 204 tu, utaona kirusi hiki kimewekeza kiasi gani kwenye kuta zake.

Na kuta hizo zinalinda nini? Uzi mmoja wa DNA uliofungwa mduara, wenye jozi za besi takriban 300,000. Kirusi kilichotoka Thailand kilisomwa chote mwaka 2001, kikakutwa na jozi 292,967. Cha Uchina, mwaka huo huo, 305,107. Uzi wa urefu huo ukinyooshwa unafika kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani zaidi ya mara 300 ya urefu wa ganda linaloubeba. DNA ina chaji hasi na hujisukuma yenyewe, haikubali kubanwa hivi hivi. Kazi ya kuituliza hufanywa na VP15, protini ndogo isiyofikisha asidi amino 100, iliyojaa chaji chanya, ambayo huishika DNA na kuikunja, kazi inayofanana na ya histoni, protini zinazokunja DNA katika seli zetu.

Sasa uundaji wenyewe. Kirusi hiki hakiundwi pembeni mwa seli wala kwenye majimaji yake, bali ndani ya kiini cha seli, mahali seli inapotunza DNA yake. Seli zinazoshambuliwa ni za ngozi iliyo chini ya gamba, matamvua, sehemu ya mbele ya utumbo, viungo vinavyotengeneza damu, na nyingine za asili hiyo. Seli za mirija ya ini la kambamiti hazishambuliwi. Kiini kikishaingiliwa huvimba, vitu vya kambamiti mwenyewe vinasukumwa ukingoni, na katikati panabaki uwanja mtupu wa kazi.

Mwaka 1997 Durand na wenzake, akiwamo Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona, walichapisha picha za hatua zinazofuata. Kwanza utando hutokea ndani ya kiini, ukitengenezwa upya. Hili nataka msomaji alipe uzito wake. Virusi vingi vyenye utando huuchukua ukiwa tayari umeshatengenezwa: kirusi cha UKIMWI, kwa mfano, hujivika utando wa seli wakati wa kutoka nje. Hiki chetu hutengeneza vipande vya utando katikati ya kiini, mahali ambapo kwa kawaida hakuna kiwanda cha mafuta. Wakati huo huo, pembeni, mirija mirefu mitupu ya kapsidi inakua, pete baada ya pete, mirefu kuliko kirusi chochote kinavyohitaji. Kisha mirija hiyo inakatika vipande vya pete 12 hadi 14 kwa hesabu yao. Kila kipande huzungukwa na utando, lakini utando haufungi. Upande mmoja unaachwa wazi. Hapo ndipo DNA, ikiwa imeshikwa na protini zake, inapoingia kwenye ganda kupitia mdomo ule ulioachwa. Ikishajaa, mdomo unafungwa, umbo linakaza na kunenepa katikati, na utando uliobaki mwishoni unakuwa ule mkia.

Yaani nyumba inajengwa, inapakwa rangi, halafu mwenye nyumba ndiye anaingia. Mzunguko wote, toka kuingia hadi kizazi kipya, huchukua chini ya siku moja katika maji ya nyuzi 25. Virusi vinajipanga kwa safu ndani ya kiini hadi kiini kinapasuka, kisha seli, na mzigo wote unamwagika.

Nisisitize jambo moja kuhusu picha hizo. Mpaka sasa hakuna ukoo wa seli za kambamiti unaoweza kuendelezwa maabara mwaka hadi mwaka, kama zilivyo seli za binadamu, za nyani au za wadudu ambazo zimebeba utafiti wa virusi vingine. Watu hutumia seli zilizotolewa kwa mnyama siku hiyo hiyo, au hutumia kambakoche wa maji baridi, au hukata vipande vya kambamiti aliyeambukizwa. Kila picha ni seli iliyokufa ikiwa katika hatua fulani, na mtafiti huzipanga mwenyewe kufuatana. Inachukua uvumilivu mkubwa kujua yote hayo kwa njia hiyo, na nawaheshimu mno waliofanya kazi ile.

Kuona jinsi hiki kilivyo na mambo mengi, kitazame pembeni ya kirusi kingine cha jamaa zake kambamiti: nodavirusi wa kamba mkubwa wa maji baridi, Macrobrachium rosenbergii, anayeleta ugonjwa wa mkia mweupe. Uliripotiwa kutoka Guadeloupe mwaka 1999. Chenyewe hakina utando kabisa. Ganda lake ni protini ya aina moja tu, nakala 180, zinazojipanga kuwa mpira wa pande nyingi wenye upana wa nanomita 40 hivi. Ukilitia jeni la protini hiyo katika bakteria wa kawaida wa maabara, bakteria huitengeneza na protini zinajipanga zenyewe kuwa maganda matupu, bila kirusi, bila kamba. Mwaka 2018 timu ya watafiti ililichora ganda hilo kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali: protini mbili mbili zimeshikana na kuchomoza nje mithili ya visu, na ayoni za kalsiamu zimekaa kwenye maungio. Protini moja, kalsiamu, basi. Kirusi cha madoa meupe kinatumia zaidi ya aina 40 za protini na mpangilio wa hatua usioruhusu hata moja kutangulia. Ni njia mbili tofauti kabisa za kumuua mnyama wa jamii moja.

Turudi bwawani. Tofauti hiyo ya utando ina maana kubwa. Kirusi chenye utando wa mafuta ni kikali kikiwa kizima, na ni dhaifu utando ukiharibika, kwa sababu VP28 imekaa humo. Utando ukienda, cha kushikia seli kimekwenda nao. Ndiyo maana klorini, jua na ukavu vinakiweza. Joto la nyuzi 60 hukimaliza kwa dakika moja hivi. Lakini ndani ya maji ya bahari ya nyuzi 30, katika hali ya maabara, kimekutwa hai hata baada ya siku 30, na bwawani walau siku 3 au 4. Mtu anayemwaga maji ya bwawa lililougua kwenye mkono wa bahari siku ya pili anakuwa amelisambaza gonjwa kwa mwenzake. Nodavirusi, kwa kuwa hana utando wa kuharibiwa, hahofii sabuni. Usichukulie kwamba kilichofanya kazi kwa kimoja kitafanya kwa kingine.

Kuna pia wanaouza kinachoitwa chanjo. Kambamiti hana kingamwili kama zetu. Katika majaribio, wanyama waliolishwa bakteria waliobeba VP28 walidumu zaidi kuliko wenzao, na hilo ni jambo la kweli na lenye matumaini. Lakini kinga hiyo ni ya muda na si kamili, na dawa ya kopo inayokuahidi bwawa salama mwaka mzima mimi nakushauri usiitolee hela yako.

Kaa wa mikoko nao. Kirusi hiki kinaingia kwa kaa, kambakoche na jamaa zao wa aina nyingi mno, zaidi ya 90 kwa hesabu za vitabu, na kaa wa mikoko anaweza kukaa nacho muda mrefu bila kufa. Pwani yetu yote, kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji, watu wananenepesha kaa hao hao jirani na mahali panapofaa mabwawa ya kambamiti. Uzio mdogo wa plastiki kuzunguka bwawa unaonekana upuuzi mpaka ujue kwamba kaa mmoja anayetembea usiku anaweza kubeba kirusi kile kile chenye pete 14.

Na tusidhani kipo mbali. Mwaka 2011 kililipuka Msumbiji, kwenye shamba la upande wa Quelimane, na 2012 kikafika Madagaska, ambako ufugaji wa kambamiti wakubwa wenye michirizi ulikuwa umejijengea jina zuri Ulaya. Lightner na wenzake waliposoma DNA ya virusi hivyo, walikuta vya Msumbiji, Madagaska na Saudi Arabia vinakaribiana sana. Sehemu wanazolinganisha ni zile za jenomu, yaani DNA yote ya kirusi, zinazopungua na kurudiarudia kutoka kirusi hadi kirusi, kwa hiyo kila shina huwa na alama yake. Bahari ya Hindi ya magharibi, kutoka Bahari ya Shamu hadi mfereji wa Msumbiji, imeunganika kwa vifaranga, meli na chakula cha mifugo. Sisi tupo katikati ya njia hiyo.

Kwa mlaji, kirusi hiki hakina madhara yoyote. Hakimwambukizi binadamu, na wauza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, wanaoniuliza huwa nawajibu hivyo bila kusita. Shida iko kwenye vichwa na maji ya kuoshea. Barafu haikiui, huhifadhi. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ulilipuka kwenye mashamba ya Mto Logan huko Queensland, na Januari 2017 Australia ikasimamisha uingizaji wa kamba wabichi, baada ya kirusi kukutwa kwenye kamba waliogandishwa madukani, ambao wavuvi wa ndoano huwatumia kama chambo. Kamba wa kuagiza akipikwa hakuna neno. Vichwa vyake vikitupwa ufukweni vikiwa vibichi, kaa wanavila.

La mwisho ni joto la maji, na hapa ndipo naona wafugaji wetu wanaweza kudanganyika zaidi. Majaribio ya kuanzia mapema miaka ya 2000 yalionyesha kwamba kambamiti aliyeambukizwa akiwekwa kwenye maji ya nyuzi 32 au 33, kirusi hushindwa kuzaliana vizuri na mnyama huishi. Akirudishwa kwenye nyuzi 26, anakufa. Kirusi kilikuwa hakijaondoka. Maji ya mabwawa yetu yasiyo na kina hupata joto kubwa wakati wa kaskazi na hupoa kusi inapoanza kuvuma, kwa hiyo nadhani vifaranga vyenye maambukizi vinaweza kupandwa Januari, vikaonekana vizima, vikala vizuri, halafu vikaanguka Juni. Tena kipimo cha PCR, kinachotafuta DNA ya kirusi, kinachofanywa wakati kirusi kimezubaa kwa joto kinaweza kukikosa. Anayenunua vifaranga msimu wa joto avikalishe kwanza siku kadhaa kwenye maji yaliyopozwa kidogo, ndipo alete sampuli maabara, na asipande mpaka majibu yatoke.